Muuguzi wa Visigino Aliyebeba Siri ya Mkwe

Saa mbili kasoro robo asubuhi, foleni ya kina mama imeshafika kwenye korido. Muuguzi aliyevaa sweta juu ya sare anapokea kichanga cha siku tatu, anakifumbata kisigino chake kiganjani na kungoja kipate joto. Halafu anatoboa. Matone yanaingia kwenye miduara ya kadi, mtoto analia, na mama mtu naye machozi yanamtoka.

"Pole baba, yameisha. Ukikua utalipiza kisasi," muuguzi anamwambia kichanga.

Hapa kliniki wanamwita Mama Kisigino. Hutoboa watoto arobaini kwa siku, kuwapima selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mchana huwapima watu wazima wanaotaka kujua kama wamebeba vinasaba vyake, hata kama wenyewe hawaumwi.

Yeye ni mbebaji. Marehemu mumewe pia alikuwa, na hawakujua. Kifungua mimba wao alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka tisa. Wa pili, fundi friji wa miaka ishirini na minane, amebeba tu, na analijua hilo tangu utotoni.

Mwaka jana Mama Kisigino alimtoa damu binti mmoja mpole, mshonaji, kisha akamkabidhi majibu: mbebaji. Akamtuliza, wakaagana. Miezi miwili baadaye kijana wake akaleta mchumba nyumbani. Ni yuleyule.

"Nilikuwa nimeshika birika. Akasema, 'Shikamoo mama,' nikaitikia, 'Marahaba mwanangu,' kana kwamba hatujawahi kuonana. Chai yote nilikimwagia kitambaa cha meza."

Hapo maji yakazidi unga. Wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo. Je, kijana aliyajua majibu ya mchumba wake? Na majibu ya mteja ni siri ya mteja, hata kama mteja mwenyewe yuko jikoni kwako anamenya vitunguu.

Wiki sita Mama Kisigino aliitunza siri hiyo. Nikamuuliza, nasi waandishi hatuna haya: hukumwambia hata mwanao wa kumzaa?

"Hata yeye. Nikitoa ya huyu, kesho nitatoa ya nani? Ila usidhani nilikuwa na raha. Nilikuwa natia chumvi mara mbili kwenye mboga, mwanangu anakula tu, masikini."

Binti naye alikuwa na lake moyoni. "Niliogopa mama ataniona ugonjwa, asinione mtu," anasema. Siku moja alikuja kliniki akapanga foleni na wenye watoto. Zamu yake ilipofika akasema, "Nimeshamwambia, mama. Pumua sasa."

Siku mbili kijana hakwenda kumchukua mchumba wake kazini. Ya tatu akaenda kama kawaida.

Binti alikuwa na swali moja kwa mama mkwe: ungetukataza?

Mama Kisigino anafuta macho kwa mkono wa sweta. "Nimezika mtoto. Maumivu yake nayajua. Lakini nikisema bora asingezaliwa, nitakuwa nimemkana mwanangu. Nikamwambia, amueni nyie, mimi nipo."

Wote watatu wameridhia haya yaandikwe, mradi majina yasitajwe.

Harusi ni mwezi ujao. Wazae au walee mtoto wa kuasili, bado hawajaamua, na majirani wanaochokonoa hujibiwa kwa tabasamu. Mama Kisigino ana mpango mmoja tu: mjukuu wa damu akija, siku ya kupimwa ataomba ruhusa kazini.

"Atoboe mwingine," anasema. "Mimi nitakuwa nimembeba."