Maji ya Horini

Bi Eutiquia amechunga mbuzi miaka sitini kwenye milima hii, na hata siku moja hajaita kupanda mlima starehe. Watu wa mjini humpita wakihema, kila mmoja na fimbo mbili, utadhani miguu aliyopewa na Mungu haitoshi.

Jana walifika watatu chemchemini. Maji safi hutoka juu, nyuma ya mwamba. Hori la chini ni la wanyama, hata mtoto wa kijijini anajua. Wao wakajaza chupa zao horini, wakanywa.

"Bibi, maji yenu matamu! Yana madini, eti?"

"Madini gani, mwanangu? Mnakunywa mate ya mbuzi wangu," akasema, akapanda mwambani kunywa yake.