Siku Mama Alipomkimbia Mwanawe

Mama aliletwa Omani angali mtoto, bibi yetu kamshika mkono. Baba yake hakuja. Babu alichukuliwa nyumbani kwao Unguja siku za mapinduzi, na watu wenye bunduki waliovaa magwanda. Hakurudi, wala kaburi lake halijulikani. Hayo ndiyo yote tuliyopata kuambiwa, nayo tuliambiwa kwa vipande, mama akipeta mchele au akikuna nazi. Tukiuliza zaidi alisema, "Basi, yatosha."

Mimi na ndugu yangu mdogo tulizaliwa hapa hapa Ibra. Hata hivyo skuli walituita Wazinjibari, na namna walivyolitamka neno lile, ulijua si sifa. Mimi nilinyamaza. Ndugu yangu alipigana, akarudi nyumbani kanzu imechanika, mpaka alipogundua njia nyengine ya kuwashinda: akawa mtu wa hapa kuwapita wenyewe. Kilemba alikifunga vizuri kuliko wote darasani. Mashairi ya ngoma ya mapanga, yanayoimbwa harusini, aliyahifadhi kuliko watoto wa masheikh. Na alipobaleghe, akaacha Kiswahili. Mama alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiarabu, na hivyo ndivyo walivyozungumza miaka yote, kila mtu upande wake.

"Kwa nini humjibu mama kwa lugha yake?" nilimuuliza siku alipochukuliwa jeshini.

"Dada, kule watanisikia," alisema. "Nimekula kiapo. Sitaki mtu aniulize mara mbili mimi wa wapi."

Akapangiwa kambi upande wa Nizwa. Mimi nasomesha jiografia katika skuli ya wasichana. Mume wangu alipofariki nilirudi kukaa na mama, na hapo ndipo nilipoijua hofu yake kwa karibu. Gari ya serikali ikisimama mtaani, mama huacha kukoroga chungu. Mwiko unabaki hewani mpaka gari iondoke. Simu ikilia alfajiri, hataki niipokee. Nilizoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha mwenziwe.

Halafu akaanza kusahau, na kilichomtoka mwanzo ni Kiarabu. Jirani yetu, mwanamke aliyekunywa naye kahawa umri mzima, alikuja kumjulia hali. Mama akamtazama mdomo, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu bibi anasema nini?"

Jirani alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, aliaga kabla ya kumaliza kikombe. Daktari alinambia huwa hivyo kwa baadhi ya watu, lugha waliyojifunza baadaye hutangulia kuondoka. Nilimweleza ndugu yangu kwa simu. Hakuamini. Alisema mama anadeka.

Ilikuwa inakaribia Sikukuu ya Taifa na mtaa mzima umetundikwa bendera. Ndugu yangu alikuwa amepandishwa cheo. Aliendesha gari moja kwa moja kutoka kambini, na sare yake mwilini, ili mama awe wa mwanzo kumuona. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa. Mama ameketi uani na sahani ya tende mapajani. Geti nilimfungulia mwenyewe. Alisimama pale, kofia kwapani, mkononi bakuli la halwa, anatabasamu kama siku aliyokhitimu Kurani.

Mama aliinuka. Tende zikamwagika. Sikupata kumuona akienda mbio namna ile, na miguu yake ilivyomuuma. Alinikamata mkono akanivuta jikoni, tukaingia stoo, akafunga mlango na kutia komeo. Kisha akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Wamekuja," alinong'ona. "Usilie. Baba anapita nyuma."

Akaniita kwa jina la dada yake, aliyekufa zamani.

Mle ndani mna magunia ya mchele na ndimu kavu, na kiza. Nilijua vizuri aliyeko nje ni nani. Nimemlea mgongoni. Lakini kiganja cha mama kilikuwa juu ya meno yangu, na viatu vile vizito vikaanza kupiga sakafu ya jikoni. Kwa mara ya kwanza nilivisikia kwa masikio yake.

"Yumma," alisema ndugu yangu mlangoni, "ana waldish." Mimi mwanao.

"Anasema nini?" mama aliniuliza.

Niliubandua mkono wake. "Sema naye Kiswahili!" nilimpigia kelele. "Kiarabu hakifahamu tena!"

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha ikatoka sauti nzito, ya mtu anayetafuta maneno mbali:

"Mama. Fungua mlango."

Mama alijikojolea. Nilihisi maji ya moto miguuni mwangu. "Ndio wao," alisema, na meno yanagongana. "Hivyo hivyo ndivyo walivyosema."

Sijui akili ile niliipata wapi. Nilimwambia ndugu yangu avue kila kitu, aende chumbani kwangu achukue kanzu ya marehemu. Viatu viliondoka. Aliporudi alikuwa miguu mitupu, hata sikumsikia mpaka aliposema, taratibu, kama tulivyofunzwa utotoni:

"Hodi."

Mama akasikiliza.

"Hodi," alirudia.

"Nani?"

"Mie."

Aliliondoa komeo mwenyewe. Ndugu yangu alisimama kwenye mwanga wa dirisha, kanzu imemkomea juu ya vifundo, maana mume wangu alikuwa mfupi. Mama alimtazama usoni muda mrefu.

"Baba," alisema. "Wamekuachia?"

Ndugu yangu akanitazama mimi.

"Wameniachia," alijibu.

"Watarudi?"

"Hawarudi."

"Apa."

"Wallahi," alisema mwisho, na mama akamwangukia kifuani.

Nilimwosha mama, nikambadilisha, akalala. Nilimkuta ndugu yangu jikoni, sare ameikunja mapajani, mikono ameiweka kando, hataki kuigusa.

"Nguo hii ndiyo iliyowafanya watu waache kuniuliza," alisema. Alichanganya Kiarabu na Kiswahili bila kujijua. "Mimi napenda hapa, dada. Nikiambiwa kufa kwa ajili ya hapa, nitakufa. Lakini yeye ameniona, amekimbia. Ameona nini?"

"Hakukuona wewe."

"Siku moja nikiamriwa nigonge mlango wa mtu? Ndani yuko mama kama huyu?"

Nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, na sikutaka kumwongezea. Nilikuwa namfikiria babu. Naye alikuwa na nchi. Alizaliwa mle, akafanya biashara mle, akazika wazee wake mle, na asubuhi moja akaambiwa si yake. Nani alimpa habari mapema?

Tangu hapo ndugu yangu huja kila akipata ruhusa. Huvua sare kwenye kituo cha petroli kabla ya kuingia mji, akaingia kwetu na kanzu na hodi. Kiswahili chake kibovu: husema "kiti yangu" na "maji imemwagika", na mama, ambaye angetusahihisha zamani kwa kofi, hamsahihishi, kwa kuwa baba hasahihishwi. Akikwama neno hunipigia simu kutoka kambini. "Dada, *kujinyoosha* ni nini?" Nasikia wenzake wanacheka nyuma yake, chai inamiminwa, naye hapunguzi sauti. Mimi ndiye ninayemwambia, "Taratibu, watakusikia." Ananambia waache wasikie.

Ijumaa iliyopita alikuwa anamlisha mama uji. Mama alikuwa mtulivu, hata rangi imemrudi. Ghafla akausogeza mkono wa ndugu yangu.

"Baba, tunaondoka lini?"

"Hatuondoki," alisema. "Tunakaa."

"Nani kakwambia?"

Ndugu yangu alibaki na kijiko mkononi. Mama alimngoja, macho makavu, kama mtu mwenye akili zake zote. Mimi nikatoka nikaenda kuanua nguo, ijapokuwa bado zilikuwa mbichi.