Beseni la maman wa vitenge

Sogea usikilize, msomaji wangu, maana leo nina habari ya msiba. Yule maman Muhindi wa duka la vitenge, chini kidogo ya soko la Nyawera, ametuacha juma hili. Wengi mlivaa vitenge vyake. Wachache mnajua kwamba nyuma ya duka alitia watu dawa puani, kama mama yake alivyomfundisha, kwa utabibu wa kale wa Kihindi uitwao Ayurveda.

Mimi nilimpelekea shangazi yangu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Mafua ya kiangazi yalikuwa yamemwacha hasikii harufu yoyote, na muuza samaki wa namna hiyo atadumu vipi sokoni? Alikuwa ameanza kununua sambaza zilizooza bila kujua, na wateja wakamkimbia.

Maman hakuanza na chupa. Alianza na maswali: "Uko na homa? Pua inatokaka damu? Umekula saa hii?" Shangazi alikuwa ametoka kula bugali. "Basi urudi kesho, mbele ya kula."

Kesho yake alimkanda uso kwa kitambaa cha moto, akamlaza kichwa nyuma, akamdondoshea puani mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu. Yakishuka kooni hutemwa. Shangazi akameza, akakohoa mpaka machozi.

"Tema, maman!" akamwambia mwenye duka.

"Niteme mu nyumba ya watu? Mama yangu hakunilea na kunikomalisha vile!"

"Sasa unameza ule uchafu tunatafuta kutosha mu pua!"

Wapi! Heshima ilikuwa inamharibia dawa. Ndipo maman akavuta beseni, akatema yeye kwanza. "Ona. Nyumba iko yangu, na nimetema." Shangazi akacheka, akatema.

Alirudi kwake mara kadhaa. Asubuhi moja sokoni akainua sambaza puani, akamwambia mvuvi: "Papa, hii ni ya juzi. Kauzie wakwe zako!" Wateja wakaanza kurudi.

Sidai kwamba ni mafuta peke yake. Huenda mafua yalikuwa yanakwisha. Lakini siku hizi tunabishana sana, dawa ya hospitali au ya wazee, na tunasahau kuangalia mikono inayotutibu. Mikono ya yule maman iliuliza kabla ya kugusa, ikaondoa haya kabla ya kuondoa ugonjwa. Mganga au daktari, wa hivyo tunaweza kuwapata hata leo.

Kwa hiyo, mtu akitaka kukutia dawa puani, ngoja kwanza akuulize kama una homa na kama umekula. Asipouliza, inuka uende. Akiuliza, lala, na dawa ikishuka kooni, omba beseni uteme.