Kamba Aliyovuta Bi Tatu

Haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa. Natanguliza maneno hayo kwa sababu najua mtakalofikiri. Mtu aliyesomeshwa chuo kikuu kule Uganda, mwenye miwani na upara unaoendelea vizuri, akianza kusimulia habari za marehemu, wasomaji wake hugawanyika. Wengine husema amelogwa, wengine husema amelewa. Mimi sinywi, na sidhani kama yupo mtu Kinondoni anayeniona nina thamani ya kulogwa. Basi nisikilizeni tu.

Wakati huo mimi na mke wangu, Mama Eliza, tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mjane, mwenyeji wa pwani hii tangu mababu, na mumewe marehemu, Fundi Shomari, alikuwa mkereza. Kwa wasiojua, kukereza ni kukizungusha kipande cha mti na kukichonga kwa patasi huku kinazunguka, mpaka kitoke bakuli, sahani, au mguu wa kitanda. Kerezo lake lilikuwa bado chini ya banda la uani. Nililiona siku tuliyohamia, nikalitamani kama mtoto anavyotamani baiskeli ya mwenzake.

Wenzangu walimu walikuwa na mambo yao ya jioni. Wengine walicheza dansi, wengine bao. Mimi nikaomba ruhusa ya Bi Tatu, nikaanza kukereza. Nilitengeneza sahani, vibakuli, na mipini ya kalamu za kuchovya wino. Niseme kweli? Hakuna hata kimoja kilichokuwa duara. Mkuu wetu wa shule, Mwingereza mpole, nilimpa mpini mmoja wa kalamu kwa heshima zote. Akaugeuzageuza, akanishukuru, akaniuliza kiti chenyewe kiko wapi.

Sasa kerezo la namna ile haliendeshwi na mtu mmoja, na hapo ndipo kisa chote kilipo. Kuna mhimili uliolala kati ya magogo mawili, na kamba ya ngozi imeuzunguka. Mtu mmoja anavuta kamba, mkono huu kisha mkono huu, mti unazunguka kwenda na kurudi. Mtu wa pili anashika patasi. Mvutaji hukaa nyuma ya kiukuta cha makuti ili vumbi na vipande visimwingie machoni, kwa hiyo hamwoni mwenzake. Anamsikia tu mikononi, kupitia kamba.

Fundi Shomari, tangu alipomwoa Bi Tatu, hakuvutiwa kamba na mtu mwingine. Mimi nilipoanza, Bi Tatu alijitolea kunivutia mwenyewe. Nadhani alimkosa mumewe mikononi kabla ya kumkosa mahali pengine popote.

"Mwalimu," angeniambia kutoka nyuma ya makuti, "unakereza au unatoa funza?"

"Nakereza, Bi Tatu."

"Mbona unadokoadokoa? Marehemu alikuwa akifika mwisho wa mvuto anaburuza kidogo, kama mtu asiyetaka kuagana. Wewe unaruka kama umekanyaga moto."

Mama Eliza, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, angecheka mpaka ungo umtetemeke. "Bi Tatu, huyo hata mkate anaukata hivyohivyo!"

Juu ya jiko la Bi Tatu, kwenye boriti, palikuwa na kitu kimefungwa gunia. Nilidhani ni mbegu. Siku moja akakiteremsha na kukifungua mbele yangu. Lilikuwa bakuli la mti wa mfenesi, limechongwa nusunusu, nene kama ukuta.

Bakuli zuri hukerezwa mara mbili, bila shaka mnajua, na kama hamjui basi mimi nilijifunza kwa hasara. Mti mbichi unauchonga kwa mara ya kwanza ukiwa mnene, kisha unauacha juu ya moshi ukauke taratibu. Unajipinda, unakuwa kama yai. Ukishakauka ndipo unaurudisha kwenye kerezo kuumalizia. Kati ya mara ya kwanza na ya pili hupita miezi mingi. Fundi Shomari alifariki katikati hapo.

"Binti zake wakubwa wote kawaozesha na bakuli la mkono wake," Bi Tatu alisema. "Hili la Zuhura. Kamwambia, hutoki kwangu bila bakuli. Na Zuhura anaolewa Ijumaa."

Zuhura alikuwa kitinda mimba wake, binti mcheshi wa sauti kubwa, mchumba wake ni karani wa Temeke. Sikuwahi kumsikia akilidai bakuli. Lakini niliwahi kumwona jikoni, anakoroga mchuzi huku amekodolea macho boriti, mpaka mchuzi ukaungua.

"Si kuna mafundi mjini, Bi Tatu?"

"Wapo. Wana mashine za injini. Na mwenye kerezo la kamba ana kijana wake wa kuvuta, hataki kuvutiwa na bibi. Mie nataka nivute mwenyewe, Mwalimu. Nilivuta mwanzo wake, nivute na mwisho wake."

Niambieni, ningekataaje? Nililala vibaya siku tatu. Bakuli lilikuwa moja. Nikilikata vibaya ni kuni.

Jumatano nilirudi kutoka shuleni mapema, jua la saa saba limesimama utosini. Watu wa pwani wana adabu na saa hiyo. Hawapendi kuzurura nje, wanasema wenye saa yao wanapita. Bi Tatu mwenyewe huwa hagusi kamba mpaka alasiri. Lakini jioni ile nyumba ingejaa mashangazi kutoka Mwananyamala na Bagamoyo, na uani pasingekuwa na pa kuweka mguu. Akajifunga kanga vizuri, akasema bismillahi, akaenda kukaa nyuma ya makuti. Mama Eliza alikuwa sokoni. Zuhura alikuwa ndani na wasichana wenzake, wanacheka.

Nikalifunga bakuli kwenye mhimili. Nikashika patasi. Nikaielekeza ncha kwenye mti, nikaiondoa, nikaielekeza tena.

"Hebu nipishe kidogo, Mwalimu."

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando yangu. Amevaa msuli na fulana, kofia ya kazi iliyofifia, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Nikafikiri, ni ndugu wa harusi aliyewahi kufika. Niaminini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi! Kama mwanafunzi asiyejua jibu anavyofurahi mwenzake akinyoosha kidole. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," nikampa patasi.

Kamba ikaanza kuvutwa, naye akaanza kukata.

Sijui niwaelezeje. Patasi yangu ilikuwa ikilia kama paka. Yake ilinong'ona. Maganda ya mti yalitoka marefu, ya manjano, yakimwangukia miguuni. Nikayafuata kwa macho kwa kupendezwa tu, na ndipo nilipoona. Yalikuwa yakilala chini sawasawa, pale pale palipotakiwa kuwa na miguu yake, kana kwamba pale hapana kitu.

Nikabaki nimesimama na mikono mitupu.

"Mwalimu," Bi Tatu akaita kutoka nyuma ya makuti. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umejifunza lini kushika hivyo?"

Mzee hakuinua macho. Alifika mwisho wa mvuto, akaburuza patasi kidogo, taratibu.

Kamba haikusimama, ila ilibadilika. Ilikuwa ikivutwa kwa nguvu, sasa ikawa inavutwa kwa upole, ndefu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Usinijibu, Mwalimu," alisema. "Usiniambie chochote. Wala usiniambie kavaa nini." Kisha akaisemesha kamba: "Mchelewaji wewe. Nimekusubiri mpaka nimechoka."

Mzee akaburuza tena. Nikamsikia Bi Tatu anacheka, cheko la msichana, kisha cheko likakatikia njiani.

Wakaendelea hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao kama mpangaji aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Bakuli likawa duara. Likawa laini. Likawa limekwisha, tena zuri kuliko bakuli lolote nililowahi kuliona, na mimi nikatoa pumzi. Lakini kamba haikuachwa. Bi Tatu akavuta, mzee akakata. Ukuta wa bakuli ukawa mwembamba kama ganda la chungwa. Kisha kama ganda la kitunguu. Nikaanza kuona mwanga wa jua unapenya kwenye mti.

"Mzee," nikasema, "inatosha. Litapasuka."

"Najua," alisema. "Mie nafuata kamba tu. Ikivutwa, nakata. Kamwambie mwenye kamba."

Nikazunguka kiukuta. Bi Tatu alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kanga, na uso wake, jamani, ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona pale nyumbani. Angeweza kugeuka na kuchungulia kwenye tundu la makuti. Hakugeuka. Nadhani alijua kwamba kuna wageni wasiokaa wakitazamwa.

"Bi Tatu, bakuli linakwisha."

"Nasikia mikononi."

"La Zuhura hilo."

"Wewe mkeo yuko sokoni, Mwalimu. Atarudi na mchicha. Niache nivute kidogo."

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Sikuthubutu kumshika mkono. Upande wa pili patasi ilianza kutoa mlio mwembamba, wa mti uliobakiza kidogo sana.

Ndipo Zuhura akapaza sauti kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa.

"Mamaaa! Nazi nizikune zote?"

"Bakiza!" Bi Tatu akajibu, palepale, kwa ukali wa kila siku. "Kesho tutapikia nini?"

Halafu akafumbua macho. Akaitazama mikono yake.

"Na wewe bakiza, Baba Zuhura," alisema. "Mwanao huyo."

Akavuta mara moja zaidi, mvuto mrefu kuliko yote. Upande wa pili patasi ikaburuza mwisho wake, ikaburuza, ikaburuza. Akaiachia kamba.

Nilipozunguka, hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa bado linayumba kidogo kwenye mhimili. Patasi imelazwa juu ya gogo, imefutwa vumbi.

Mama Eliza aliporudi nikamweleza yote. Akanigusa paji la uso. "Baba Eliza, umepigwa na jua." Nikamletea bakuli. Akaliinua, akaviona vidole vyake vyote vitano kupitia upande wa pili. Akaketi kwenye kigoda. "Hili hujalifanya wewe," alisema, na usiku ule akasali sala ndefu ya Kilutheri, na akamtaja Shomari kwa jina. Huo ndio ushahidi wangu. Wengine wana mashahidi walioona mzuka. Mimi nina mke anayeijua kazi yangu.

Zuhura aliolewa Ijumaa. Bi Tatu alimpa bakuli akamwambia baba yako kalimalizia, na Zuhura hakuuliza kivipi. Alilipokea kwa mikono miwili na akalia kilio cha kawaida cha bibi harusi, ila kirefu kidogo. Majirani, kwa upande wao, waliamini ni kazi yangu, wakaniletea magogo. Mpaka leo nasingizia mgongo.

Bi Tatu hakushika kamba tena. Viganja vyake vilibaki na mistari miwili myekundu ambayo mafuta ya nazi hayakuiondoa. Hakuificha. Akizungumza na mtu alikuwa akiipapasa kwa kidole gumba, polepole, huku na huku. Lakini alianza kula vizuri, na alianza kugombana na wauza samaki, na sote tuliomjua tukashukuru.

Sasa ananivutia Mama Eliza. Analalamika kwamba kila baada ya mivuto michache nasimama na kuchungulia nyuma ya makuti. Namwambia natazama kama kamba iko sawa. Hadanganyiki, lakini ananivumilia.

Basi nyie mnaokereza, au mnaofanya kazi yoyote ya watu wawili, chukueni onyo langu. Kazi aliyoianza marehemu msiimalizie saa saba mchana, kama hamko tayari kumpisha mwenyewe. Na mkimkuta mtu anavuta kamba kwa ajili ya asiyeonekana, msimcheke wala msimnyang'anye. Mwacheni avute. Ila msiondoke. Kaeni karibu naye, mlitazame bakuli, na mwanga ukianza kupenya, mwiteni kwa jina.