Honi ya Kwenye Kona

Kwa miaka miwili kuna gari lilikuwa linanijibu honi, na kwa miaka miwili sikuwahi kulitia machoni.

Sina muda wa hadithi za majini, kwa hiyo tulia nikueleze.

Napeleka dawa kwenye zahanati ya juu mlimani, kila Jumanne na Ijumaa. Peke yangu, pikapu kuukuu. Wanangu wamekua, kila mmoja kashika njia yake. Nyumbani kinachonisemesha ni friji.

Njiani kuna kona moja: mwamba kulia, korongo kushoto, upana wa gari moja. Huoni anayekuja mpaka mmegusana bampa.

Sheria zake hazina mjadala. Kabla ya kona, piga honi. Ukijibiwa, subiri penye nafasi ya kupishana. Kukiwa kimya, pita. Mkikutana, anayeshuka humpisha anayepanda.

Mimi nilikuwa napiga. Na kila mara najibiwa: piiiii! Honi nzito, ya lori.

Nasubiri dakika tano. Kumi. Hatokei mtu.

Ijumaa moja uvumilivu ukaisha. Nikajibiwa, nikasema, "Kadanganye wengine," nikaingia.

Uso kwa uso na lori la mbao.

"We mama, umechoka kuishi?" dereva akafoka.

"Mimi ndiye napanda! Nipishe!"

"Nirudi nyuma na tani kumi? Zikidondoka utaziokota wewe huko chini?"

Haki ilikuwa yangu. Ila haki haina breki. Nikarudi nyuma mwenyewe, tairi likichungulia korongo, jasho mpaka kwenye visigino.

Alipofika usawa wangu nikamwambia, "Angalau ulipiga honi."

"Honi gani? Yangu imekufa tangu mwezi jana."

Nywele zikanisimama.

Alipotokomea, nikapiga tena. Piiiii! Jibu likatoka juu ya kichwa changu.

Nikaegesha, nikaparamia kinjia cha mwambani. Juu kuna kibanda. Mzee kakaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye lori, mbele yake betri na honi imefungwa kwenye kigogo. Dereva mstaafu, mjane. Kutoka pale barabara inaonekana yote, huku na huku.

"Mzee, utaua watu!"

Akainamisha kichwa. "Mwanangu, hapa hapapiti mtu anayepiga honi ila wewe. Ukipiga, naona umenisalimia. Ninyamazeje?"

Nilikuwa nimepanda na maneno yangu makali. Nikayaacha, nikakaa juu ya jiwe kando yake.

"Basi tuelewane. Mara moja, salamu. Mara mbili, kuna gari. Ukichanganya, nakuja kung'oa waya."

"Sawa, bosi." Akacheka mpaka akakohoa.

Toka siku ile, Jumanne na Ijumaa kuna mtu ananisubiri. Sikumwambia yeyote. Wangenicheka.

Jumanne iliyopita nikapiga. Kimya.

Nikapiga tena. Kimya.

Kwa sheria, njia nyeupe. Mimi nikaegesha.

Nilimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alianguka jana yake asubuhi. Nikamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa.

"Yamepita magari kumi na saba," akaninong'oneza. "Nimeyahesabu. Hakuna hata moja lililopiga honi."

Sasa yuko wodini, anawaamrisha manesi kama utingo wake.

Nami jioni ile niliwapigia wanangu wote watatu. Kapokea mmoja.

Ninachokwambia wewe unayenisikiliza ni hiki: barabarani, usipojibiwa, pita. Kwa binadamu, usipojibiwa, simama ukamwangalie.

Na kwenye kona, jamani, pigeni honi.