Mgeni Aliyekufia Olbalbal

Kazi yangu ya kwanza Karatu ilikuwa kukaa mbele ya redio koli na kuwajibu madereva. Kampuni yetu ya utalii ilikuwa ndogo: magari matatu, mimi, na bosi, mama wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa, ambaye kwa sauti yake hata redio alikuwa haihitaji.

Asubuhi moja dereva wetu aliteremka Olbalbal, nyuma ya milima ya kreta, na mgeni mmoja tu, bibi wa Kizungu aliyevuka sabini. Kama saa nne hivi nikasikia sauti ya dereva imekonda, utadhani anaongea ndani ya blanketi: "...mekufa... huku Olbalbal... mekufa kabisa."

Kabla sijamjibu, dereva wa kampuni nyingine, aliyekuwa karibu na geti la hifadhi, akaingia chaneli hiyohiyo kwa nguvu: "Simba kalala barabarani, na mgeni anataka kushuka."

Kichwani mwangu maneno hayo yakashonana yenyewe. Nikamwambia bosi kwamba mgeni wetu ameliwa na simba.

Bosi akaniondoa kitini. Akaita, akaita tena, akapandisha spika hadi mwisho. Ofisi nzima ikajaa mlio wa mahindi yanayokaangwa. Madereva wote waliokuwa hewani wakaanza kutupa pole, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kisa chake cha simba. Bosi akamwita mchungaji, ambaye kanisa lake liko ng'ambo ya barabara, naye akabana kitufe cha redio na kuomba, ili dereva afarijike huko aliko.

Maombi yalikuwa yamefika kwa Ayubu alipoingia fundi redio, Mwiraqw mpole tuliyekuwa tumemwita tangu jana.

"Shikamoo mama. Mchungaji aachie kitufe."

"Anaomba," bosi alisema.

"Mungu hatumii chaneli hii, mama. Anayeitumia ni dereva, na amezibwa."

Mchungaji akaachia. Fundi akatueleza taratibu, kama anafundisha watoto. Sauti ya dereva imechoka njiani, hiyo ni shida moja. Kelele zimepandishwa juu yake, hiyo ni shida nyingine. Tukikuza spika hapa, tunakuza vyote viwili, na yeye anabaki chini vilevile.

"Sasa tufanyeje?" niliuliza. Nilikuwa nataka kulia.

"Wanyamazishe wote. Halafu mwambie apande juu. Redio yako ina nguvu, yeye anakusikia."

Nikawaomba madereva wanyamaze, nikamwambia wetu atafute kilima. Tukasubiri. Bosi alishika mkono wa mchungaji, mimi nilishika meza.

"Karatu, Karatu." Sauti ilikuwa bado nyembamba, lakini kila neno lilifika. "Gari limekufa. Redio ya gari nayo imezima, natumia hii ya mkononi. Mgeni mzima, yuko kwenye boma la wafugaji anakunywa chai. Poleni na msiba. Nani amefariki?"

Bosi akamwambia tulidhani ni mgeni wake. Kumbe alikuwa amesikia maombi yote, na kwa heshima alivua kofia.

Bosi hakunifukuza. Alininunulia daftari, akaniamuru niandike nilichosikia upande mmoja na nilichodhani upande wa pili. Wiki ya kwanza upande wa pili ulijaa mapema, na niliona aibu kila nilipoufungua.

Jioni ya siku ile ya maombi, gari jingine liliwaleta dereva na mgeni Karatu. Dereva, ambaye hafungi mdomo, alikuwa amemsimulia mgeni kila kitu. Bibi yule aliomba kuonana na mchungaji, akamuuliza, dereva akitafsiri, kama alimwombea aende mbinguni moja kwa moja au apumzike kwanza.

"Mwambie niliomba kwa ujumla," mchungaji alisema, na kuaga.