Tupo, Mtachoka na Jibwa Lisilokula

Juzi, rafiki yangu, nilizunguka Ruangwa mjini nikitafuta chakula cha mbwa. Usidhani umesoma vibaya. Mimi, mjukuu wa mwanamke aliyelinda mihogo yake Kilimarondo kwa mbwa waliokula ukoko, niliingia dukani nikauliza kama wana chakula cha boksa. Kijana wa duka hakuelewa habari ya chakula, alishika neno la mwisho tu.

"Boksa zipo, mzee. Saizi gani?"

Akanitandazia kaunta nzima chupi za kiume, nyekundu, bluu, na moja yenye picha ya ndizi. Nilipomweleza kwamba boksa ni aina ya mbwa, alicheka mpaka akamwita mwenzake wa duka la pili aje asikie. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningecheka zaidi.

Mbwa mwenyewe ni wa mke wangu. Mke wangu ni mwalimu, mtu wa kaskazini, aliletwa huku na uhamisho akanikuta mimi na biashara yangu ya ufuta. Bwana mmoja wa mgodini alimaliza mkataba wake akawa anatafuta mtu wa kumwachia mbwa, na mke wangu, ambaye hawezi kuona kitu kinaachwa, akajitolea. Basi akaja na jibwa: kifua cha mbeba magunia, uso umebonyea kama aliyefungiwa mlango puani, midomo inaning'inia na mate yanachuruzika sakafuni. Linaitwa Bruno. Bruno ndiyo nini? Jina lisilomwambia mtu chochote.

Na halili. Yule bwana aliacha mfuko wa chakula, punje punje za kahawia kama mbolea, lakini jibwa hata halikuusogelea. Lililala limetazama geti kutwa nzima, mbavu zikaanza kujitokeza. Mke wangu akawa anachuchumaa mbele yake na kulibembeleza kwa sauti ya wodini. Akajiunga na kundi la wafuga mbwa kwenye simu, watu wa Dar wasiojua hata Ruangwa iko upande gani, kila mmoja na elimu yake. Huyu anasema samaki asiye na chumvi, yule anasema boga la kuchemsha, na mmoja, mjuaji kuliko wote, akaandika kwamba boksa asipewe mahindi maana tumbo lake halipendi. Tumbo halipendi! Kuna watu kijijini Malolo wamefika uzeeni bila kuulizwa hata siku moja tumbo lao linapenda nini.

Nikatumwa mpaka Nachingwea. Kwenye duka la pembejeo, kati ya salfa ya mikorosho na mabomba ya kupulizia, mama muuzaji alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akaniambia chakula cha kuku anacho, cha nguruwe anacho. Kisha akauliza, kwa kweli kabisa, "Kwani mbwa si anakula chakula?"

Nilitamani kumkumbatia. Lilikuwa swali la bibi yangu lile, na barabara nzima ya kurudi nilikuwa naye.

Bibi alikuwa na shamba mbali na nyumba, na msimu wa mihogo kukomaa tulihamia huko, tukalala juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya ardhi, ili kuwahi nguruwe pori na ngedere. Mbwa alikaa chini. Bibi alikuwa mtu wa swala tano, mbwa hakugusa chombo chake wala nguo yake, lakini alikuwa na kigae chake cha chungu kilichovunjika, na kigae hicho hakikukosa kitu. Ukoko wa ugali wa muhogo, maji ya kusuuzia sufuria, vichwa vya dagaa. Harufu yake naisikia mpaka leo, moshi na dagaa na udongo uliolowa. Bibi alikuwa akisema mbwa wa kubembelezwa halindi muhogo.

Lakini utamu wa chakula kile ulikuwa kwenye kuita. Nadhani unakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakiwapa mbwa majina. Mbwa alikuwa barua kwa jirani. Bibi alipakana na mama mmoja wa Kimakonde, na kati yao palisimama mkorosho mmoja ambao kila mmoja aliapa ni wake. Hawakuzungumza. Bibi akamwita mbwa wake Mtachoka. Baada ya muda mfupi tukasikia ng'ambo ya mkorosho jirani naye kapata mbwa, kamwita Tupo.

Basi kila jioni, ukoko ukishamwagwa, bibi alisimama kashika kiuno, akauelekeza uso kwenye mkorosho.

"Mtachokaaa! Njoo ule!"

Na kutoka kule, bila kuchelewa, "Tupooo! Usiende mbali, mwanangu!"

Mbwa wale walishakula wakamaliza, bado wanaitwa. Sisi watoto tulikuwa tukivunjika mbavu kwa kucheka chini ya blanketi. Bibi alikula vizuri zaidi siku ambayo sauti yake ilikuwa ya mwisho.

Basi niliporudi kutoka Nachingwea nikaivunja sheria ya wajuaji wa Dar. Nikasonga ugali wa muhogo, nikaacha ukoko ushike, nikautia vichwa vya dagaa. Jibwa lilinusa, likalamba mara mbili kwa adabu, likaenda kutapika juu ya mkeka wa mke wangu. Mbwa gani huyu, nikasema, hata chakula cha mbwa kinamshinda. Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni, analia bila kujificha.

"Nilimuahidi yule baba wa mgodini," akasema. "Atanifia huyu, na nilimuahidi."

Bwana mifugo akaja, akapapasa lile tumbo la kifalme, akasema utumbo hauna shida. Tumpikie mchele na kuku asiye na mifupa wala kitunguu, tuchanganye na zile punje zake kidogo kidogo mpaka azoee. Ndiyo, rafiki yangu. Niliichambua nyama ya kuku kwa vidole vyangu, mimi ambaye kwetu paja la kuku lilikuwa la mgeni. Tukaweka bakuli. Mke wangu akaanza tena, kula baba, kula kidogo, kwa ile sauti ya kumsomea mgonjwa. Jibwa likageuzia uso geti.

Hapo nikamkumbuka Tupo. Jirani wa bibi alipozidiwa na miguu, mwanawe alimchukua kwenda kuishi naye Nachingwea mjini, na mbwa akaachwa. Tupo alilala chini ya mkorosho akakataa kigae cha bibi, siku baada ya siku. Bibi alimtukana, akamtupia hata nyama ya kanga. Wapi. Jioni moja bibi akaenda mwenyewe mpaka upande wa pili wa mkorosho, akasimama palepale alipokuwa akisimama mwenziwe, akavuta pumzi akaita kwa sauti ile ile ya Kimakonde, "Tupooo! Usiende mbali, mwanangu!" Mbwa akanyanyuka akala. Bibi akarudi kafunika uso kwa kanga, na jioni ile hakumwita Mtachoka. Korosho za mti ule msimu huo alizianika kando, akampelekea jirani mwenyewe kule Nachingwea.

Nikamwambia mke wangu anyamaze kidogo. Watu wa mgodini hawanong'oni, wanaongea kwa kushindana na mashine, na sisi tulikuwa tunamsemesha mbwa wao kama tuko msibani. Nikashika kiuno uani.

"Tupooo! Njoo ule!"

Jibwa likainua kichwa, masikio yakasimama. Nikaita tena, kwa matusi yote ya Kilimarondo ndani ya koo. Likaja likijikokota, likala, likamwaga mate, likalamba bakuli mpaka likalisukuma ukutani. Mke wangu akalikumbatia shingo, mdomo na mate yake yote.

Sasa linanenepa, na jina ni Tupo. Bado nalidharau. Linaogopa mende. Lakini kila jioni nabandika mchele wake, na ukishapoa natoka uani na kuita kuelekea ukuta wa jirani, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, ambao nyuma yake anaishi mtu ninayemjua kwa mlio wa jenereta lake tu. Naita, halafu nanyamaza kusikiliza. Mbwa ameshamaliza kula, bado naita.

Mke wangu anadhani namwita mbwa.